Maji ya Ubatizo Yakisha Kukauka, Nani Atamlea?

Mama akijifungua salama, hakuna mtu kijijini asemaye, "Haya, mtoto amekwisha zaliwa, kazi imekwisha." La! Hapo ndipo kazi inapoanza. Bibi aja na uji, shangazi achota maji, jirani awaangalia wale watoto wakubwa, na baba naye, hata kama ni mvivu, siku hizo akumbuka kupasua kuni. Kila mtu ajua kwamba mtoto mchanga asiponyonyeshwa na kufunikwa atakufa, hata awe amezaliwa na afya ya namna gani.

Lakini mtoto huyo akizaliwa mara ya pili, kwa maji na kwa Roho Mtakatifu, sisi twafanyaje? Twampeleka kanisani na nguo nyeupe, twapiga vigelegele, twala wali na nyama, siku hizi twapiga na picha kwa simu, kisha kila mtu ashika njia yake. Maji hayajakauka vizuri kichwani, na mlezi haonekani tena. Miaka kumi na mitano baadaye twauliza kwa mshangao, "Kumbe kijana huyu hasali? Amepatwa na nini?" Hakupatwa na kitu. Hakulishwa tu.

Mimi ni karani wa parokia, na kazi yangu mojawapo ni kuandika daftari la wabatizwa. Wakristu wengi hawajapata kuliona daftari hili, basi afadhali niwaeleze. Ni kitabu kikubwa chenye jalada gumu. Kila mbatizwa ana namba yake, jina lake, siku ya kuzaliwa, siku ya kubatizwa, jina la baba na la mama, jina la padre au shemasi aliyebatiza, na jina la msimamizi. Tena pembeni pameachwa nafasi. Nafasi hiyo yaagizwa na Sheria ya Kanisa yenyewe, kanuni ya 535, ili humo yaandikwe mambo yatakayofuata katika maisha ya mtu huyo: Kipaimara, Ndoa, Daraja Takatifu au nadhiri za utawa. Daftari hilo ni kama shamba. Mstari ni mbegu, na nafasi ya pembeni ndiyo mavuno.

Basi, ukifungua kurasa za miaka ishirini au thelathini iliyopita, waona nafasi nyingi za pembeni zi tupu. Sisemi kwamba wote hao wamepotea. Wengine walifunga ndoa mbali, na parokia ya huko haikutuletea habari. Wengine wamefariki. Lakini ukiuliza wazee jina moja moja, mara nyingi jibu ni lile lile: "Ah, huyo aliacha zamani." Nami huuliza, "Aliacha lini?" Hakuna ajuaye. Hapo ndipo moyo unaponiuma. Ng'ombe akipotea jioni twajua alionekana mwisho wapi, twatoka na taa kumtafuta, lakini Mkristu mwenzetu apotea miaka sita na hakuna awezaye kutaja hata mwezi.

Tutazame kwanza habari ya wasimamizi. Sheria ya Kanisa, kanuni ya 872 na ya 874, yasema wazi msimamizi ni mtu wa namna gani. Awe Mkatoliki aliyekwisha pata Kipaimara na Komunyo Takatifu, awe ametimiza miaka 16, isipokuwa askofu au padre aone sababu ya haki, awe anaishi maisha ya imani yanayofaa kwa kazi hiyo, tena asiwe baba wala mama wa mtoto. Kazi yake ni kumsaidia mbatizwa aishi Kikristu. Je, sisi twamchagua kwa kufuata hayo? Mara nyingi twachagua kwa kutazama mfuko. Twatafuta mwenye duka, au yule afanyaye kazi mjini, maana huyo ataleta godoro na beseni na khanga mbili. Siku ya ubatizo godoro laletwa kweli, na watu wasifu. Tangu siku hiyo mtoto hamwoni tena yule bwana mpaka siku ya harusi, akitafutwa kwa mchango. Mwenye kufaa alikuwa yule mama wa jirani asiye na godoro la kumpa mtu, ambaye kila jioni yuasali Rozari na watoto wake, na mlango wake u wazi.

Hata hivyo, msimamizi akiwa mwema namna gani, hawezi peke yake. Mtume Paulo aliwaandikia Wakristu wa Tesalonike kwamba wafarijiane na kujengana, kila mtu na mwenziwe. Hakusema kwamba kazi hiyo ni ya mapadre. Wala si jambo la vitabuni tu. Liko karibu nasi, ng'ambo ya ziwa, na kila tarehe 3 Juni twalikumbuka, ingawa naona twakumbuka moto tu na kusahau kilichotangulia moto.

Padri Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera, na Bruda Amans walifika Buganda mwezi wa Februari mwaka 1879. Ubatizo wa kwanza ulikuwa mwaka 1880. Mwaka 1882 walibatizwa watu ambao majina yao leo yamo katika litania zetu: Yosefu Mukasa Balikuddembe na Andrea Kaggwa tarehe 30 Aprili, kisha Matia Kalemba Mulumba na Luka Banabakintu tarehe 28 Mei. Sasa sikiliza jambo la ajabu. Mwezi wa Novemba mwaka ule ule, mapadre walilazimika kuondoka kwa sababu mambo ya ikulu yalikuwa yameharibika. Walivuka ziwa mpaka upande wa kusini, na huko Bukumbi, nchi ya Wasukuma, ambayo leo ni mkoa wa Mwanza, wakaweka misioni. Hawakurudi Buganda mpaka Julai 1885.

Fanya hesabu, msomaji. Matia na Luka walikuwa na miezi isiyozidi sita tangu kubatizwa. Wakaachwa karibu miaka mitatu bila Misa, bila Kitubio, bila padre wa kuuliza swali. Hawakuwa na Biblia nzima katika lugha yao. Huku kwetu twasema, "Padre hafiki kigangoni kwetu ila mara moja kwa mwezi, ndiyo maana imani imepoa." Wale je?

Mapadre waliporudi walikuta nini? Hawakukuta majivu. Walikuta wasomaji wa dini wameongezeka kuliko walivyowaacha. Maana ikulu Yosefu Mukasa aliwakusanya vijana watumishi wa mfalme na kuwafundisha, na Andrea Kaggwa aliwapokea watu nyumbani kwake. Kule Mityana, mbali na mji mkuu, Matia, Luka na Noe Mawaggali, mfinyanzi wa vyungu, waliwakusanya majirani. Walifundisha kile kidogo walichokijua. Waliwatembelea wagonjwa, na waliokuwa karibu kufa waliwabatiza. Hawakungoja mpaka wawe mabingwa.

Na mapadre walipokwisha rudi, Wakristu wa Mityana hawakusema, "Sasa tupumzike, wenye kazi wamerudi." Kutoka Mityana mpaka misioni ni kama kilomita 70. Haiwezekani kijiji kizima kuacha wagonjwa, watoto na mashamba kila juma. Basi walikwenda kwa zamu. Kundi moja lilikwenda kwa miguu kusikiliza Misa na mafundisho, na lingine likabaki likisali nyumbani. Waliokwenda waliporudi, waliwasimulia waliobaki yote waliyoyasikia. Juma lingine wakabadilishana.

Nataka tutulie hapa kidogo, maana jambo hili la zamu lanipendeza kuliko mengine yote. Mtu ajuaye kwamba atakwenda kuwasimulia wenziwe hotuba ya padre, asikiliza namna nyingine kabisa! Hawezi kusinzia. Hawezi kutoka nje mara tatu kutazama baiskeli yake. Yuasikiliza kwa masikio ya watu hamsini waliobaki nyuma. Jaribu siku moja: Jumapili ijayo sikiliza mahubiri ukijua kwamba nyumbani kuna bibi asiyeweza kutembea, naye angojea umsimulie. Utashangaa utakavyoyakumbuka. Na bibi naye atakuuliza maswali ambayo hukuyafikiri.

Kisha mateso yakaja. Yosefu Mukasa aliuawa tarehe 15 Novemba 1885. Siku ile ile Karoli Lwanga alibatizwa, akaichukua kazi ya mwenziwe aliyeuawa, akawa mkubwa na mlezi wa vijana wa ikulu. Naye, mwezi wa Mei 1886, hukumu ilipokuwa mlangoni, aliwabatiza kwa mkono wake vijana waliokuwa bado wakatekumeni, mmoja wao Kizito, mdogo wao. Mbaga Tuzinde alikuwa mtoto wa kulelewa wa mkuu wa wauaji mwenyewe, naye alisihiwa na jamaa zake kwa machozi aiache dini, asikubali. Wafikiri kijana wa miaka kumi na saba angeweza kusimama peke yake mbele ya machozi ya jamaa zake? Hakuwa peke yake. Kwa siku nyingi walifungwa pamoja, wakasali pamoja, na huyu akilegea yule alimtia nguvu. Tarehe 3 Juni, sikukuu ya Kupaa Bwana, wakachomwa moto Namugongo. Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964, mashahidi 22 Wakatoliki. Tena Waanglikana nao walikuwa na mashahidi wao katika mateso yale yale, wala haifai kuwasahau.

Na nchini kwetu pia, wakati wa vita ile ya 1914 mpaka 1918, wamisionari Wajerumani walipoondolewa katika misioni za kusini ya Tanganyika, walimu wa dini na wazee ndio walioshika sala vijijini. Wajukuu wao wapo hai, waulizeni.

Basi, tuje kwa jumuiya ndogo ndogo. Wengi hudhani ni kitu kilicholetwa na paroko ili kurahisisha kukusanya zaka. Sivyo. Maaskofu wa Afrika ya Mashariki walipokutana Nairobi mwaka 1973, waliamua kwamba Kanisa lazima lijengwe kwa jumuiya za Wakristu wanaokaa karibu, wanaojuana kwa majina na kwa shida zao. Mwaka 1976 walikutana tena huko Nairobi, na habari waliyoizungumza ilikuwa hiyo. Askofu Christopher Mwoleka wa Rulenge hakuishia kwenye maneno, bali alikwenda kukaa kijijini Nyabihanga pamoja na wanakijiji, akalima nao. Mwaka 1994 ikafanyika Sinodi ya Afrika kule Roma, ikafananisha Kanisa na familia, Familia ya Mungu, na Papa Yohane Paulo II akayathibitisha hayo katika barua yake ya mwaka 1995. Kumbe mkutano ule wa nyumba kumi au kumi na tano chini ya mwembe ni Mityana yetu.

Lakini tuseme kweli. Je, ndivyo ulivyo? Katika jumuiya nyingi nilizozijua, sala huchukua dakika kumi na hesabu dakika hamsini. Mchango wa ukarabati, mchango wa mavuno, mchango wa sikukuu ya somo wa parokia, mchango wa kumwaga padre na mchango wa kumpokea mwingine. Sisemi michango ni mibaya, mimi mwenyewe ndiye niandikaye stakabadhi. Bila michango katekista hapati posho, na paa la kigango litavuja. Lakini mtu akija mara nne asikie deni lake tu, mara ya tano hatakuja.

Namjua mjane mmoja (wala si wa kijiji chako, usianze kumtafuta). Alidaiwa shilingi elfu tano. Kila Jumamosi jina lake lilisomwa mbele ya watu. Akaacha kuja. Halafu akaugua miguu, na hakuna aliyekwenda kumwona, maana katika daftari la jumuiya aliandikwa "si hai". Huko nyuma ya kilima palikuwa na kikundi cha dini nyingine. Walikuja kumfulia nguo. Leo yuasali kwao. Watu wa jumuiya wamlaumu kwamba amedanganywa na mafundisho ya uwongo. Ndugu zangu, mama yule hakufuata mafundisho yo yote. Alifuata watu waliokwenda kumfulia nguo. Na tukumbuke kwamba kanuni ya 848 yaonya wazi kwamba maskini wasinyimwe msaada wa sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Kwa hiyo mwenyekiti wa jumuiya akatalie barua ya mtoto kubatizwa, au akataze watu wasiende kusali msibani, kwa sababu ya deni la mchango, anazidi madaraka yake. Nasema hivyo bila woga. Mkiona jambo kama hilo mwendeeni paroko.

Dawa yake si ngumu. Jumuiya moja ya kigango chetu imeamua kwamba fedha zizungumzwe siku moja tu katika mwezi. Siku nyingine mweka hazina haleti hata daftari. Mwanzoni walidhani mapato yatapungua. Hayakupungua, na wanaume watano waliokuwa wakijificha kilabuni saa ya sala wamerudi.

Katika siku nyingine hizo wafanya nini? Wasoma Injili kwa zile hatua saba zilizotoka kwa walimu wa Lumko, huko Afrika ya Kusini. Humkaribisha Bwana kwa sala, husoma Injili, kila mtu hutaja neno lililomgusa, hukaa kimya, husimuliana jinsi neno hilo lilivyowagusa, huulizana Bwana ataka tufanye nini, kisha husali. Yafaa niseme kwamba hatua ya sita ndiyo yenye kurukwa kuliko zote. Saa imekwenda, jua lachwea, mbuzi hawajafungwa, basi watu waruka moja kwa moja kwenye sala ya mwisho. Lakini hatua ya sita ndiyo ile ya kusema, "Nani kesho atakwenda kwa fulani, na atachukua nini?" Ikirukwa hiyo, zile tano za mbele zimebaki maneno. Jina la atakayekwenda litajwe, na juma lijalo aulizwe alikuta nini.

Jambo lingine katika kujengana ni kusahihishana, na hapa twakosea pande mbili. Wengine hunyamaza kabisa na kwenda kusema kisimani. Wengine husema wazi mbele ya watu wote mpaka mtu aona haya asirudi tena. Someni katika Matendo ya Mitume, sura ya 18, habari za Apolo. Alikuwa mtu wa Aleksandria, msemaji hodari, ajuaye Maandiko, lakini ujuzi wake ulikuwa na upungufu, maana aliujua ubatizo wa Yohane tu. Katika sinagogi la Efeso walikuwapo Akila na mkewe Prisila, mafundi wa kushona mahema. Walimsikia, wakaona palipopungua. Hawakusimama kumkatiza. Walimchukua kwao, wakamweleza vizuri zaidi. Mafundi wa mahema wamfundisha mtu wa elimu, na mke yumo katika kazi hiyo, na mwenye elimu akubali! Sijui nistaajabie upole wa wale wawili au unyenyekevu wa yule mmoja. Ukimsikia mzee wa kanisa akikosea katika mafundisho, mwalike kwako, mpe chai kwanza.

Na anayerudi baada ya kuanguka? Mtume Paulo alipokwenda Yerusalemu mara ya kwanza baada ya kuongoka, waamini walimwogopa, hawakusadiki kwamba kweli amekuwa mfuasi. Barnaba ndiye aliyemshika mkono na kumpeleka kwa Mitume. Bila Barnaba mmoja, ni mtu gani tungempoteza! Kijijini kwetu mlevi akiacha pombe na kuja kanisani Jumapili ya kwanza, vichwa vyote vyageuka. Wengine wacheka kichini, "Tutamwona mwezi ujao." Anahitaji mtu wa kukaa naye benchi moja, hapo tu, bila hotuba.

Sasa nifike kwenye jambo lenye kuumiza zaidi, nalo ni la ndoa. Katika kila jumuiya wapo mume na mke wanaoishi pamoja miaka mingi bila Sakramenti ya Ndoa. Hawakomuniki. Watoto wao hubatizwa kwa taabu. Wengine huwaita wenye dhambi na kuishia hapo. Lakini je, umepata kuwauliza sababu? Nimewauliza wengi wafikapo ofisini. Si wengi wanaoikataa ndoa. Mmoja hakumaliza mahari, na baba mkwe amekataa kutoa idhini. Mwingine aogopa gharama ya karamu, maana siku hizi watu wameingiza kichwani kwamba harusi bila ukumbi, keki na muziki si harusi. Mwingine aona haya tu, kwa kuwa watoto ni wakubwa.

Bwana mmoja alikaa hivyo miaka kumi na mmoja kwa sababu ya ng'ombe wawili. Jumuiya yake wakalizungumza jambo lile katika hatua ya sita niliyoisema. Hawakumkemea. Walichagua wazee wawili na mama mmoja mwenye kusikilizwa, wakaenda kwa baba mkwe, mwendo wa saa tatu. Mara ya kwanza mzee yule hakuwapa hata kiti. Mara ya pili aliwapa viti lakini akakataa. Mara ya tatu yule mama akamwambia, "Baba, wajukuu wako saba wanamwona mama yao akibaki benchini wenzake wakienda kukomunika. Ng'ombe hao wawili tunadaiwa sisi jumuiya yote sasa, si yeye peke yake." Mzee akanyamaza kitambo. Kisha akasema ng'ombe mmoja atangojewa mpaka mavuno, na wa pili amemsamehe binti yake. Matangazo ya ndoa yakasomwa Jumapili tatu, na wale wawili wakafunga ndoa katika Misa ya asubuhi ya siku ya kazi, bi arusi na kitenge kipya. Wageni walikunywa uji wa ulezi na kula viazi. Sheria ya Kanisa yataka wenye kuoana walio huru, padre au shemasi mwenye ruhusa, na mashahidi wawili. Keki haimo.

Siku ile niliandika pembeni mwa majina mawili katika daftari, na bwana yule akaomba aione kalamu ikiandika.

Limebaki jambo la vijana wanaohama. Hili nalo ni la kuangalia sana, maana hapo ndipo tunapopoteza wengi. Kijana amemaliza shule, aenda Mwanza au Dar es Salaam kutafuta kazi, apanga chumba na wenziwe wanne, Jumapili ya kwanza hajui kanisa liko wapi, ya pili amechoka, ya tatu amezoea. Kule hakuna amwitaye kwa jina la ubatizo. Nasi huku twasubiri atume fedha tu.

Rudini tena kwenye ile habari ya Apolo, mtaona neno dogo ambalo wengi hulipita. Alipotaka kusafiri kwenda Akaya, ndugu walimtia moyo, tena wakawaandikia wanafunzi wa huko wampokee. Waliandika barua! Basi sisi nasi twaweza. Katika parokia yetu tumeanza jambo hili tangu Pasaka: kijana akisafiri, jumuiya yamwombea usiku wa kuamkia safari, kisha mwenyekiti aja ofisini na jina la mtaa anaokwenda kukaa. Nami namwandikia paroko wa kule barua ya mistari minne: jina, namba ya ubatizo, kazi anayoitafuta, na namba ya simu ya yule atakayempokea mgeni wetu. Aombwa ampeleke kwa mwenyekiti wa jumuiya iliyo karibu. Kama hamjui jina la parokia ya mtaa huo, njoni, tutaulizia jimboni.

Mpaka sasa barua kumi na moja zimekwenda. Tano zimejibiwa. Moja ilijibiwa na mama mwenyekiti wa jumuiya fulani ya mjini, ambaye aliandika kwamba kijana wetu alikuwa mgonjwa wa malaria siku walipomkuta, wamemhudumia, amepona, na sasa ndiye asomaye Injili katika jumuiya yao kwa kuwa sauti yake ni nzuri. Akaongeza kwamba kijana ana viatu vibovu, na aliomba tusimwambie mama yake. Barua sita bado twazingoja, na nne kati yake ni za wasichana waliokwenda kufanya kazi za nyumbani. Kwa hao mwenyekiti wa akina mama amekwisha nunua vocha ya simu, ataanza kupiga Jumatatu.